Chini ya Gunia

Muheza, Jumapili ya mavuno.
Nilikuwa nachagua tangu Alhamisi:
machungwa arobaini, msasa tupu,
yasiyo na kovu la nzi wala kutu ya ukungu.
Niliyafuta moja moja kwa kanga kuukuu,
nikayapanga katika kapu jipya la ukindu
kikonyo juu, kila moja na jani lake.

Katekista Mbelwa alipolinyanyua mnadani
kanisa zima liliguna.
"Haya ndiyo malimbuko! Tazameni mkono wa Mama Hoza!"
Likapanda: elfu tano, kumi, ishirini na mbili.
Nami nikainamisha uso kama mnyenyekevu
huku nikihesabu nani amegeuka kunitazama.

Bwana, ulikuwepo.
Unajua Ijumaa nilifanya nini.

Ijumaa lori linanguruma barabarani,
dalali anafoka, gunia langu la pili halijajaa.
Nikachota yaliyoanguka, yaliyolala kwenye umande siku tatu,
laini upande mmoja kama utosi wa kichanga.
Nikayatia chini.
Juu nikaweka yanayong'aa,
nikashona mdomo kwa uzi wangu wa buluu,
mishono ya msalaba, kama nishonavyo siku zote.
Nani hufumua gunia kuanzia chini?

Jumatatu nilishuka Tanga kufuata miwani, Bombo.
Foleni, jua la saa saba, dirisha likafungwa: rudi kesho.
Stendi ya Kange nikajibanza kivulini
mwa meza ya mmenya machungwa.
Bi Mwanakombo, wenzake walimwita.
Kimashine kinazunguka, ganda linashuka
utepe mmoja mrefu usiokatika.
Kando ya mguu wake, gunia.
Uzi wa buluu.

Alikuwa amefika nusu.
Akaingiza mkono, akautoa umelowa,
akanusa vidole, akavifuta.
Moja ndooni. Jingine ndooni. La saba ndooni.
Hakutukana, na hilo ndilo lililonikata.
"Huyu wa uzi wa buluu," alisema, kama anayemsema wifi yake,
"uzi wake naujua, sura siijui.
Faida yangu ya leo imo humu ndooni, mama, nzi wanaila."
Kisha akaitazama midomo yangu iliyokauka
akachagua. Nilimwona akichagua:
akaliacha la kwanza, akaliacha la pili,
akachukua lililo zito, akalimenya, akalikata kofia.
Nikapapasa sarafu.
"Ah, kula. Si umetoka hospitali?"

Nikala, Bwana.
Lilikuwa tamu hata nikashindwa kumeza.
Kapu ulipewa kwa shangwe.
Na yale mabovu, uliyapokea wapi
kama si hapa, kwa mkono huu uliolowa?

Nilimwambia. Si mara moja;
basi la kwanza liliondoka nikiwa bado natafuta neno.
Nikamlipa ya ndoo nzima, nauli ikapelea,
nikashuka Mkanyageni, nikamaliza njia kwa miguu.
Hakusema amenisamehe.
Alisema, "Basi lete wiki ijayo, nione."

Usiku huu lori linakuja tena.
Mwanangu ananimulikia kwa tochi ya simu, anapiga miayo.
Wimbo sina; kwaya niliiacha sauti ilipokatika.
Nina gunia tupu na lundo.
Naingiza mkono mpaka pembeni kabisa, pasipofika jicho,
naweka lile zito,
naweka jingine zito,
na mgongo unauma, na dalali amekwisha anza kufoka.
Jumapili huenda nikaja na kapu la kawaida,
Mbelwa atahangaika kulipigia debe.
Nipokelee kwanza hili.

Uzi sibadilishi.
Acha aujue.